Kupima Dawa ya Mitishamba Kisayansi: Mwongozo Kamili, Kuanzia kwa Mganga hadi kwa Mgonjwa

Maktaba za vyuo vyetu vikuu zimejaa tasnifu zinazoishia mahali pamoja: mmea fulani umeua bakteria kwenye sahani ya maabara, na utafiti zaidi unahitajika. Mganga aliyeutoa mmea ule hakurudishiwa jibu. Mgonjwa anayeutumia bado hajui anywe kiasi gani, kwa siku ngapi, wala dalili ipi imtume hospitali haraka.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuvuka hapo: mwanafunzi wa famasia au baiolojia, mganga mwenye dawa anayoiamini, mtengenezaji mdogo wa dawa za asili, au kituo cha utafiti kinachoanza. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kipimo chenye thamani ni kile ambacho dawa inaweza kushindwa. Ukipanga majaribio ambayo kila jibu litakuwa zuri kwako, hujapima chochote. Na mpangilio wa kazi ninaoupendekeza unaanzia kwa wagonjwa walioitumia dawa, kwa sababu dawa zetu nyingi tayari ziko midomoni mwa watu.

Nitatumia mfano mmoja katika hatua nyingi: magome ya mzizi wa mjafari, *Zanthoxylum chalybeum*, ule mti wa miiba ambao watu wengi wa Afrika Mashariki huchemsha mizizi yake kwa ajili ya homa. Vipimo vya vikombe na dakika nitakavyovitaja ni mfano wa hesabu tu. Mtu asivichukue kama maelekezo ya kunywa.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

“Je, mjafari ni dawa?” Hilo hakuna maabara inayoweza kulijibu. Swali linalopimika hutaja sehemu ya mmea, namna inavyotayarishwa, kiasi, mgonjwa ni nani, na nafuu utaipima kwa nini. Mfano: je, maji ya magome ya mzizi wa mjafari yaliyochemshwa dakika 30, kikombe kimoja mara tatu kwa siku kwa siku saba, yanamwondolea mtu mzima mwenye malaria isiyo kali homa ndani ya siku tatu?

Chini ya swali hilo andika sentensi ya pili: ni matokeo gani yatakufanya uiache dawa hii? Iandike kabla hujagusa kitu, iwekee tarehe, mkabidhi mwenzako nakala. Baadaye, ukishaupenda mmea, itakuwa vigumu kuiandika kwa haki.

Hatua ya 2: Ruhusa, na haki ya mwenye maarifa

Kwa Tanzania, mtafiti huhitaji kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na utafiti unaohusisha watu hupitia kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa); Zanzibar ina utaratibu wake kupitia ZAHRI, taasisi yake ya utafiti wa afya. Majaribio ya dawa kwa binadamu yanahitaji pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Waganga na dawa zao husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Kenya utaanzia NACOSTI, na Uganda UNCST, vyombo vya sayansi na teknolojia vya nchi hizo. Taasisi ambazo tayari zinafanya kazi hii zipo: Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974, KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) jijini Nairobi, na maabara ya utafiti wa tiba asili ya Wandegeya, Kampala. Zitembelee kabla ya kununua hata chupa moja ya kiyeyushi. Pengine kazi unayotaka kuianza wameshaifanya nusu.

Kisha kuna makubaliano na mganga. Afrika Kusini, kituo cha utafiti cha serikali kilipatia hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) matumizi ya hoodia, mmea ambao Wasan, jamii ya wenyeji wa huko, walikuwa wakiutafuna porini kutuliza njaa, bila wao kuhusishwa. Makubaliano ya kugawana faida yalitiwa saini mwaka 2003 tu, baada ya shinikizo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 na ile ya Swakopmund ya mwaka huohuo, iliyo chini ya ARIPO (shirika la Afrika la miliki ubunifu), zipo ili jambo hilo lisirudiwe.

Kwa hiyo andika mkataba kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwa mganga, na usomwe kwa sauti mbele ya mashahidi aliowachagua yeye. Utaje nani atamiliki matokeo, jina la nani litaandikwa kwenye chapisho, faida ikipatikana itagawanywaje, na siri ipi haitatoka. Na kama kuna fikra ya kuomba hataza, ombeni kabla ya kuchapisha au kusimama kwenye mkutano wa wanasayansi. Jambo likishatangazwa hadharani, kwa kawaida upya wake umeisha machoni pa sheria ya hataza.

Hatua ya 3: Keti na mganga, kisha wafuate wagonjwa

Hapa ndipo watafiti wengi hupita mbio, na ndipo ninapokuomba ukae muda mrefu kuliko mahali pengine pote.

Kwanza utayarishaji. Usiulize tu, omba kuona. Pima kwa mizani magome anayoyachukua kwa mkono, kwa sababu “konzi moja” ya mzee wa miaka sabini na ya kijana wake zinatofautiana. Pima maji kabla ya kuchemsha na baada. Hesabu dakika. Andika kama magome ni mabichi au makavu, kama sufuria imefunikwa, kama kuna majivu, asali, maziwa au supu ya mifupa vinavyoongezwa. Maziwa na supu vina mafuta, na mafuta huyeyusha vitu ambavyo maji peke yake hayavitoi. Ukipima mchujo wa maji matupu wakati dawa hunywewa na supu, umepima dawa nyingine.

Kisha uliza mambo ambayo mtu anayetangaza dawa yake hapendi kuyasema. Ni nani asiyepaswa kuinywa? Mjamzito? Mtoto? Mtu akizidisha hupata nini? Ni mgonjwa gani uliyemrudisha nyumbani ukamwambia nenda hospitali? Mganga mzoefu ana majibu, na majibu yake ni hazina ya usalama kuliko jaribio lako la kwanza la panya. Asiyekuwa na jibu lolote, anayesema dawa yake haina madhara na inatibu kila kitu, msikilize kwa heshima, lakini usianze na dawa yake.

Baada ya hapo nenda kwa wagonjwa. Mfano bora ninaoujua barani ni wa Mali. Watafiti wakishirikiana na idara ya tiba asili ya Bamako hawakuanza na orodha ya mimea ya kusaga. Walizunguka kaya na kuuliza: nani aliugua malaria hivi karibuni, alitumia nini, aliishiaje? Walikusanya visa 952, vyenye mimea 66 iliyotumiwa peke yake au kwa kuchanganywa. Ndipo wakatazama ni mmea upi uliambatana na watu kupona. *Argemone mexicana*, gugu la maua ya njano na majani yenye miiba, ndilo lililoongoza: wagonjwa 30 walioitumia, wote walisema walipona.

Hayo hayakuwa uthibitisho. Watu 30 ni wachache, kumbukumbu hupotoka, na malaria nyingine huisha kwa kinga ya mwili wa mtu mzima. Lakini yalikuwa sababu nzuri ya kuchagua mmea mmoja kati ya 66, tena kwa gharama ndogo.

Dodoso lako liwe fupi. Umri, dalili, nani alithibitisha ugonjwa na kwa kipimo gani, dawa zote zilizotumika zikiwemo za duka la dawa, kiasi, siku, matokeo, na madhara. Waulize pia waliotumia dawa wakashindwa, na familia zilizofiwa. Ukiwasikiliza waliopona tu, kila dawa itaonekana inaponya.

Hatua ya 4: Mtambue mmea bila shaka yoyote

Jina la kienyeji halitoshi. Pwani, jina mjafari hubeba zaidi ya spishi moja ya *Zanthoxylum*. Chukua tawi lenye majani pamoja na maua au matunda, litandaze ndani ya magazeti, libane kwa mbao au maboksi, na ubadilishe magazeti kila siku hadi likauke. Andika mahali kwa vipimo vya GPS, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua bichi (hupotea ukikausha), jina la kienyeji, na jina la aliyekuonyesha kama ameridhia. Peleka kwenye hifadhi ya mimea mikavu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hifadhi ya taifa iliyoko Arusha, ile ya Makumbusho ya Taifa Nairobi, au Makerere. Mtaalamu atalinganisha na sampuli zake na pia na mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 1952 ukakamilika 2012 ukiwa na spishi zaidi ya 12,000. Atakupa namba. Namba hiyo iandike katika kila ripoti hadi mwisho wa mradi.

Anayeona hatua hii ni urasimu aangalie kilichotokea Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kliniki ya kupunguza unene ilitumia vidonge vyenye mmea wa Kichina ambao, kwa kuchanganya majina, ulibadilishwa na jamii ya *Aristolochia*. Wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo, na baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo baadaye.

Hatua ya 5: Kuvuna na kukausha

Usivune kando ya barabara kuu wala karibu na shamba lililopuliziwa dawa. Gome lisibanduliwe kuzunguka mti mzima, mti utakufa. Chukua kipande upande mmoja. Kwa mzizi, chukua ya pembeni uache mzizi mkuu. *Prunus africana*, ambao gome lake hutumika Ulaya kwa matatizo ya tezi dume, ulikombwa kiasi kwamba tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda spishi zilizo hatarini. Na kwa kuwa kuchimba mizizi huweza kuua mti, pima majani sambamba na mzizi tangu mwanzo. Yakionekana kufanya kazi ileile, umeokoa miti mingi.

Osha, kata vipande vidogo, kausha kivulini penye hewa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, saga, hifadhi kwenye mfuko wa karatasi au chupa isiyopitisha mwanga. Weka nusu kilo ya unga ule kando bila kuugusa. Siku mtu akibisha matokeo yako, utarudi kwenye unga huo.

Hatua ya 6: Tengeneza mchujo, na ufanye hesabu yake

Tengeneza wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa mganga, kwa maji yake, dakika zake na viongezeo vyake. Huu ndio unaojibu swali lako. Wa pili ni wa kulinganisha, kwa ethanoli ya asilimia 70: sehemu moja ya unga kwa kumi za kiyeyushi, loweka saa 72 ukitikisa mara kwa mara, chuja. Ethanoli uivukize kwa mashine inayopunguza mgandamizo wa hewa, joto lisizidi nyuzi 40. Mchujo wa maji ugandishe na ukaushwe kwa ubaridi. Pima uzito wa kilichobaki, gawanya kwa uzito wa unga, zidisha kwa 100: hiyo ni asilimia ya mavuno.

Joto si jambo dogo. Tu Youyou wa China alipotafuta dawa ya malaria, michujo yake ya *Artemisia annua* ilikuwa ikifanya kazi siku moja na kushindwa nyingine. Maandiko ya kale ya tabibu Ge Hong yalisema loweka mmea kwenye maji kisha ukamue, hayakutaja kuchemsha. Akatumia etha yenye joto dogo, na artemisinini, kiambata kinachoua vimelea vya malaria, ikaonekana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli. Kwa hiyo mganga akisema “hii haichemshwi”, mwandike hivyohivyo na ufuate.

Sasa hesabu ambayo ingeokoa tasnifu nyingi. Tuseme mganga hutumia gramu 10 za magome kwa kikombe, na mavuno ni asilimia 8. Kikombe kina miligramu 800 za mchujo mkavu. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Hata kama kila chembe ingeingia kwenye damu na kubaki humo, kiwango kingekuwa mikrogramu 160 kwa mililita. Na hapo nimeipendelea dawa mno, maana sehemu kubwa haifyonzwi tumboni au huvunjwa na ini. Basi ikiwa mchujo wako unaua vimelea vya malaria kwa mikrogramu 500 tu na zaidi, kikombe hiki hakiwezi kufanya kazi kwa njia hiyo ndani ya damu. Hesabu hii haihusu dawa za kupaka, za kusukutua, wala za minyoo ya tumboni, ambako dawa hukutana na adui bila kupitia damu.

Hatua ya 7: Alama ya kemikali

Majaribio ya rangi ni rahisi na maabara yoyote ya chuo inayaweza. Povu linalodumu baada ya kutikisa kwenye maji huashiria saponini. Kloridi ya chuma ikileta bluu nyeusi au kijani, kuna tanini. Kitendanishi cha Dragendorff kikitoa mashapo ya rangi ya chungwa, kuna alkaloidi. Lakini kuorodhesha makundi haya si ugunduzi. Karibu kila mmea una tanini.

Kinachofaa zaidi ni kromatografia ya bamba jembamba, njia ya kutenganisha kemikali zilizomo. Dondosha mchujo kwenye bamba, uache kiyeyushi kipande juu polepole, angalia chini ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254 na 366, piga picha. Mistari ile ni alama ya vidole ya dawa yako. Kila mzigo mpya wa magome, kutoka msimu au wilaya nyingine, lazima utoe picha inayofanana nayo. Usipofanana, hayo ni magome mengine, na majaribio yako ya nyuma hayayahusu.

Hatua ya 8: Usalama kabla ya sifa

Wengi huacha usalama uje mwisho. Mimi ningekusihi uanze nao, kwa kuwa watu wanaendelea kunywa dawa hiyo wakati wewe unaandika ripoti.

Kipimo cha awali cha bei ndogo ni cha viduvi (kamba wadogo sana) vya maji chumvi, *Artemia salina*, kilichotumika sana Muhimbili. Mayai huanguliwa kwenye maji ya bahari kwa siku moja au mbili, viduvi kumi huwekwa kwenye kila chupa yenye kiwango tofauti cha mchujo, na baada ya saa 24 unahesabu waliokufa ili kupata kiwango kinachoua nusu yao. Kikiwa chini ya mikrogramu 1,000 kwa mililita, mchujo una nguvu ya kibaiolojia. Kipimo hiki kinakuambia “angalia kwa makini”. Hakisemi dawa ni salama, na anayekitumia kutangaza usalama anawapotosha watu.

Kwa wanyama, baada ya kibali cha maadili, fuata mwongozo namba 423 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa taratibu za kupima usalama wa kemikali: panya watatu kwa hatua, mara nyingi majike, dozi moja ya mdomo hadi miligramu 2,000 kwa kilo, uangalizi wa siku 14, kisha uchunguzi wa viungo. Ukimaliza hapo hujafika mbali. Dawa inayonywewa wiki mbili au miezi inahitaji jaribio la siku 28, la namba 407, au siku 90, pamoja na vipimo vya damu vya ini na figo na vipande vya viungo chini ya hadubini.

Dozi zichaguliwe kwa kulinganisha na ya binadamu. Vikombe vitatu vya miligramu 800 kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 40 kwa kilo. Kwa panya mkubwa wa maabara zidisha kwa 6.2, unapata kama 250. Kwa panya mdogo mweupe zidisha kwa 12.3, unapata kama 490. Anza hapo, kisha panda mara kadhaa juu yake.

Kwa nini siku 28 na zaidi? Kwa sababu sumu mbaya kuliko zote ni ile ya polepole. Jamii za *Crotalaria*, ambazo wakulima wa kwetu huziita marejea na kuzipanda kurutubisha udongo, zina spishi zenye alkaloidi zinazoharibu ini kidogokidogo. Mtu huugua baadaye na hakuna anayekumbuka chai aliyoinywa. Afrika Kusini, mzizi uitwao impila, *Callilepis laureola*, umeua watu wengi kwa kuharibu ini na figo, nao ni dawa ya jadi iliyotumika vizazi na vizazi. Kutumika kwa muda mrefu hututhibitishia kwamba dawa haiui palepale. Hakututhibitishii zaidi ya hapo. Na sehemu ya mmea ni muhimu pia: ile *Argemone* ya Mali hunywewa majani na shina, lakini mbegu zake zina sumu, na mafuta yake yaliyochanganywa na mafuta ya haradali yaliwaua watu Delhi mwaka 1998.

Angalia pia mgongano na dawa za hospitali. Afrika Kusini mmea wa *Sutherlandia*, uliosifiwa sana kwa watu wanaoishi na VVU, ulipimwa kwa watu wazima 136 kwa wiki 24. Kiasi cha virusi hakikutofautiana na cha waliopewa plasebo (dawa bandia ya kulinganishia), lakini mzigo wa maambukizi mengine ulikuwa mkubwa zaidi kwa walioutumia, na wawili waliokuwa wakinywa isoniazidi ya kujikinga na kifua kikuu waliupata ugonjwa huohuo. Hayo yasingeonekana kamwe kwenye sahani ya maabara.

Na uandike kila unachokiona kwa wanyama, hata usichokitafuta. Miaka ya 1950 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walikuwa na majani ya *Catharanthus roseus*, ua lenye asili ya Madagaska, yakisemwa kuwa dawa ya kisukari. Sukari haikushuka, chembe nyeupe za damu ndizo zilizoshuka. Wakaifuata ishara hiyo, na kutoka mmea ule zikapatikana vinblastini na vinkristini, ambazo leo hutibu saratani, zikiwemo za damu za watoto.

Hatua ya 9: Nguvu ya dawa maabara

Kwa bakteria, acha mazoea ya kupima upana wa duara kwenye sahani. Duara hutegemea jinsi kitu kinavyosambaa kwenye agari (rojo la kukuzia bakteria), na viambata vikubwa vya mimea husambaa vibaya. Tumia sahani ya visima 96: punguza mchujo nusu kwa nusu kisima hadi kisima, weka bakteria wapatao laki tano kwa mililita, laza usiku kucha kwenye nyuzi 37, kisha ongeza rangi ya INT. Walipo hai panageuka wekundu wa waridi. Panapobaki bila rangi wamezuiwa. Njia hii iliboreshwa kwa ajili ya mimea na Kobus Eloff wa Pretoria mwaka 1998, na inatumia mchujo kidogo sana. Weka antibiotiki inayojulikana, weka kiyeyushi kitupu, rudia mara tatu kwa siku tofauti. Mchujo ghafi unaozuia chini ya mikrogramu 100 kwa mililita unastahili kufuatiliwa. Unaozuia kwa 5,000 andika kwamba haukufanya kazi. Na ondoa tanini urudie, kwa maana tanini hushika protini na kuonyesha nguvu isiyokuwepo.

Kwa malaria, mchujo huwekwa pamoja na *Plasmodium falciparum* kwenye chembe za damu, aina inayokufa kwa klorokwini na aina sugu. Nguvu nzuri kwa mchujo ghafi ni chini ya mikrogramu 5 kwa mililita. Hapohapo pima unavyoua seli za binadamu. Usipoua vimelea kwa kiwango kilicho angalau mara kumi chini ya kile kinachoua seli, una sumu ya jumla mkononi. Kwa mjafari hili si la kupuuza, kwa kuwa alkaloidi za jamii hii kama naitidini huua vimelea na huweza kuua seli pia.

Maabara ikikataa, usiutupe mmea uliofanya vizuri kwa wagonjwa. Dawa nyingine hubadilishwa na ini ndipo zifanye kazi, nyingine husaidia mwili bila kumgusa mdudu. Katika hali hiyo ushahidi wa wagonjwa ndio unaotawala, lakini uwe umekusanywa vizuri.

Hatua ya 10: Kwa watu

Rudi Mali. Baada ya uchunguzi wa kaya, walitafuta dozi kwa wagonjwa 80, wakifuata utaratibu wa mganga. Mara moja kwa siku kwa siku tatu: asilimia 35 walipona vizuri. Mara mbili kwa siku kwa siku saba: 73. Zaidi ya hapo: 65. Wakachagua ya katikati. Wengi bado walikuwa na vimelea kwenye damu, ingawa vilipungua, na watafiti waliliandika hilo bila kulificha. Kisha wagonjwa 301 wa jamii moja ya kijijini waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine *Argemone*, wengine dawa mseto ya artesunati na amodiakwini. Baada ya siku 28, asilimia 89 ya kundi la mmea hawakuhitaji dawa ya pili, dhidi ya 95 ya kundi la mseto. Waliozidiwa hadi malaria kali, kati ya watoto wa miaka mitano na chini, walikuwa asilimia 1.9 kila upande. Mmea haukuishinda dawa ya hospitali. Ulionyesha unaweza kusaidia pale dawa isipofikika. Hilo ni jibu kamili, lina dozi, lina siku, lina mipaka.

Kwako: kundi linganishi ni lazima, kwa kuwa kikohozi na mafua huisha vyenyewe na kila dawa hupewa sifa. Mgawanyo ufanywe kwa bahati nasibu, wala usifanywe kwa huruma. Ukitumia plasebo, iwe chungu kama dawa yenyewe. Mwone mtaalamu wa takwimu kabla ya kuanza akuambie unahitaji wagonjwa wangapi. Sajili jaribio kwenye PACTR, daftari la majaribio la Afrika. Dawa ya uokozi iwe mezani, na masharti ya kumwondoa mgonjwa yawe yameandikwa. Hakuna anayeruhusiwa kumsimamisha mgonjwa wa VVU, kisukari au kifua kikuu dawa zake ili kupisha jaribio. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na wapo walioacha ARV.  Wakati wa Covid tulikuwa na nyenzo zaidi: Septemba 2020 WHO na Africa CDC (kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa) zilitoa utaratibu wa kupima dawa za mitishamba kwa wagonjwa, na nyaraka ile inafaa kuwa mezani kwako hata kwa ugonjwa mwingine.

Hatua ya 11: Baada ya matokeo

Kila toleo linalouzwa lipimwe: alama ya kromatografia, unyevu, metali nzito (WHO imependekeza risasi isizidi miligramu 10 na kadimiamu 0.3 kwa kilo ya malighafi), bakteria wa *Salmonella* wasiwepo kabisa, na sumu ya kuvu. Dawa za nguvu za kiume, maumivu na pumu zipimwe pia kama zimechanganywa dawa za hospitali kwa siri. Hilo hutokea, na limeumiza watu. Kwa Tanzania Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sampuli za namna hii.

Lebo iandikwe jina la kisayansi, sehemu ya mmea, namba ya toleo, kiasi kwa gramu, nani asitumie, na dalili zinazomtaka mtu aende hospitali. Madhara yakiripotiwa, yapeleke TMDA au mamlaka ya nchi yako hata kama yanaiumiza biashara.

Matokeo mabaya nayo yachapishwe, ili mtafiti wa Kigoma asirudie mwaka mzima kazi iliyokwisha kushindwa Morogoro. Kisha chukua ripoti ya kurasa mbili kwa Kiswahili, nenda kijijini kwa mganga na kwa wale waliojibu dodoso lako, wasomee, na ujibu maswali yao. Lete daftari. Mara nyingi hapo ndipo mtu husema, “Lakini sisi hatuchukui mzizi wa masika,” na utakuwa na jambo jipya la kupima.